Chemchemi Isiyokuwa na Kitu

Katika miaka ile ya hamsini nilikuwa nafanya kazi katika labo ndogo ya kupimia maji hapa Kisangani, nyumba ya vyumba viwili yenye bati lililolia sana mvua ikinyesha. Tulikuwa wawili tu. Chef wangu, mkubwa wangu wa kazi, alikuwa Mbelgiji mwembamba aliyesomea kemia kwao. Kazi yake ilikuwa kutia sahihi. Mimi niliosha chupa, nikadondosha dawa, nikasoma rangi. Tulitafuta ndani ya maji ya kunywa vile vitu ambavyo jicho halioni: madini ya risasi, shaba, chuma, chokaa, chumvi. Kila chupa ilikuwa na karatasi yake yenye mistari, na pale ambapo hatukupata kitu chef aliandika neno moja la Kifaransa, néant. Yaani hakuna.

Mambo niliyaharibu mimi, na niliyaharibu kwa furaha. Katika mtaa wa watu waliotoka Maniema kulikuwa na chemchemi, na mlinzi wake alikuwa mama mmoja mjane. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alifagia pale kila asubuhi, akafukuza mbuzi, akakataza watu kufua nguo karibu. Tulipomaliza kupima maji yake mara ya kwanza, matokeo yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Nikaomba ruhusa niyapeleke mwenyewe.

Watu wakakusanyika. Mama akaketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri hukumu.

"Soma," akaniambia.

"Risasi, hakuna. Shaba, hakuna. Chuma, hakuna. Chokaa, hakuna."

"Mupaka chini?"

"Mupaka chini, mama. Hakuna kitu."

Nilitegemea vigelegele. Wakatazamana. Fundi cherehani, mzee aliyeheshimiwa sana mtaani na ambaye nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya chemchemi, akakohoa.

"Na kile kisima cha ng'ambo ya mto, mulipima?"

"Tulipima, papa. Kile kiko na chuma. Na chokaa kidogo."

"Chuma," akasema taratibu, akiwageukia wenzake. "Watu wa ng'ambo wanakunywa chuma. Sisi hatuna kitu."

Nikaeleza kwamba hakuna ndiyo nzuri, kwamba maji bora ni yale yasiyo na kitu. Nilieleza muda mrefu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonihurumia. Mama alichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kigoda.

Baada ya miezi michache zamu ya chemchemi ile ikafika tena. Asubuhi hiyo nilikuwa na chupa nyingi za kujaza ng'ambo, pirogi, mtumbwi wa kuvukia, ilikuwa inaningoja, kwa hiyo chupa yao nilimwachia mama aijaze mwenyewe. Niliporudi nikaikuta imefungwa kizibo, imeviringishwa ndani ya kitambaa safi. Mama alinikabidhi kwa mikono miwili.

Kwa kawaida tulitia kwanza dawa ya manjano, kisha matone machache ya dawa yenye madini ya fedha yalitosha kugeuza maji ya mji huu kutoka manjano kuwa mekundu kama tofali. Hivyo ndivyo tulivyojua kiasi cha chumvi: matone mengi, chumvi nyingi. Safari hii nikadondosha, nikadondosha, yakabaki manjano. Mrija wa dawa ukaisha, nikaujaza tena, ukaisha. Nikamwita chef. Akarudia kazi yote kwa mkono wake, mara tatu, kisha akafungua kitabu.

"Chumvi nyingi mahali pasipo na bahari," alisoma, "ni choo."

Nikamwuliza kama naweza kuonja kidogo tu. Alinitazama kana kwamba nimeomba kuonja choo chenyewe. Sheria ya kwanza ya labo, iliyobandikwa mlangoni, ilikataza kuonja.

Kesho yake chemchemi ikafungwa kwa mbao, na mtaa mzima ukaanza kuchota maji mbali. Choo kilichokuwa karibu zaidi kilikuwa cha yule fundi cherehani. Chef alikuwa na kopo la unga mwekundu ambao ukiingia majini unageuka kijani kikali. Akaumimina wote ndani ya choo cha mzee. Kama kijani kingetokea kwenye chemchemi, basi choo kingekuwa na hatia. Kwa siku tatu hakuna mtu aliyeruhusiwa kukitumia, na polisi mmoja akawekwa mlangoni.

Chef mwenyewe aliketi mbele ya chemchemi na mwavuli, kwenye kiti cha kukunja, akingoja kijani.

Siku ya pili polisi akaniita pembeni. Alitaka kujua kama marufuku ile ilimhusu na yeye. Nikateremka kumwuliza chef. Chef alifikiri sana, akasema marufuku ni ya kila mtu. Nikapanda kumpa polisi jibu. Akanikabidhi fimbo yake, akaenda haraka kwa majirani.

Ndivyo nilivyojikuta, mtu mwenye diploma, nimeshika fimbo mbele ya choo. Fundi akatoka nyumbani, utepe wa kupimia shingoni.

"Mutoto yangu, unachunga nini?"

"Choo yako, papa."

Akatazama mlango, akanitazama mimi.

"Nani anataka kuiiba?"

Akaniletea kiti, akarudi kwenye cherehani yake. Nilikaa pale nikiona aibu ambayo mpaka leo sijui niielezeje, maana mzee yule hakuwa na hasira hata kidogo.

Siku ya tatu maji ya chemchemi yalikuwa bado meupe. Chef alikwenda kula, nami nikabaki nikiondoa majani kwenye mbao. Mama mlinzi akaja, akachuchumaa karibu yangu, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Alors, safari hii ilipita?"

"Nini ilipita, mama?"

"Maji. Kwa examen, ile mutihani yenu. Ile ya kwanza mulisema haiko na kitu, watu wakatucheka. Donc mara hii niliisaidia."

"Uliisaidia na nini?"

"Na chumvi. Kijiko moja ya kidogo, ya kujaa. Nilitaka kutia na limau, papa fundi akasema haifai, itaonekana tunaiba."

Nikaketi chini palepale kwenye matope. Nilimwona fundi kule juu akishona, mtu ambaye siku tatu alikuwa anaomba choo kwa jirani, na alikuwa anajua habari ya chumvi tangu mwanzo. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakusema. Alinijibu kwamba hakuna mtu aliyemwambia choo kinahusiana vipi na chumvi, na kwamba yeye hapendi kuingilia kazi ya watu waliosoma.

Nilimweleza chef nikiwa nimesimama wima, nikingoja kufukuzwa.

"Chumvi ya jikoni?"

"Ndiyo, chef."

"Kijiko cha namna gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Akachukua penseli, akahesabu gramu za kijiko kimoja ndani ya lita moja, akalinganisha na daftari lake. Uso ukamng'aa. Hesabu mbili zilikaribiana sana.

"Unaona," akasema, akinishika bega kwa mara ya kwanza tangu tujuane, "hatukukosea hata kidogo."

Mbao zikaondolewa. Nikajaza chupa mwenyewe, chef akiwa amesimama juu ya kichwa changu, na matokeo yakatoka kama zamani: néant kila mstari. Nilimsihi aandike chini neno moja tu, nzuri. Akakataa, akasema kemia haisifu. Lakini alikubali kuja kusikia yakisomwa.

Watu wakakusanyika tena. Nikafungua karatasi.

"Risasi, maji yanatakata. Shaba, yanatakata. Chuma, yanatakata."

Nilisoma hivyo mpaka chini, na mara hii vigelegele vikatoka. Chef, ambaye hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, aliinamisha kichwa kama mtu anayepongezwa.

Kisha mama akamletea kikombe cha maji ya chemchemi. Miaka yote ile chef hakuwahi kunywa maji ya mji huu. Alikunywa ya chupa, yaliyokuja kwa meli kutoka kwao. Alinitazama. Mimi nikatazama karatasi. Akanywa nusu, akafikiri, akasema kwa Kifaransa kwamba hayana ladha yoyote.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema asante."

"Asante ni neno fupi. Yeye amesema ndefu."

"Asante sana, mama."

Mama akaridhika. Akachukua kikombe, akakijaza tena mpaka juu, akasimama mbele yake kungoja. Chef hakujua namna ya kukataa, akanywa chote.