Kibali cha Kumchangia Abdi

Soko la maziwa la Garissa lilinukia moshi, kwa sababu vibuyu vya maziwa ya ngamia hufukizwa kwanza ili maziwa yasiharibike upesi. Katika harufu hiyo, mwaka wa ukame nikiwa darasa la nne, shangazi yangu Halima, tuliyemwita Eddo, alitandaza mtandio barabarani akaanza kumwombea mdogo wangu Abdi mchango. Moyo wa Abdi ulikuwa na tundu. Hospitali ya Nairobi ilikuwa imempa nafasi, na basi lingeondoka jioni hiyo. Kwetu mgonjwa huchangiwa na ukoo, desturi tunayoiita qaaraan, na hakuna anayeiomba serikali ruhusa ya kuwaomba jamaa zake. Lakini jamaa zetu walikuwa wamehama na mifugo kuelekea Habaswein, kwa hiyo Eddo aliwaomba wapita njia, akidhani ni jambo lile lile.

Askari alisimama mbele yetu. "Mama, kibali kiko wapi?"

"Kibali ya nini? Mtoto ni yangu!"

"Mtoto ni wako, barabara si yako. Juzi mtu alichangisha hapa, kumbe hakukuwa na mgonjwa yeyote."

"Huyo askari ndiye hana moyo," muuza maziwa mmoja akapaza sauti. "Mchangieni yeye!"

Wanawake walicheka. Askari hakucheka. Alifunga mtandio na pesa zilizokuwamo, akatupeleka ofisini. Ilikuwa Ijumaa, na punde watu wangetoka kwenda msikitini. Karani alieleza taratibu: utaje mgonjwa, mahali, siku, na mtu asiye wa familia atakayeshika pesa. Eddo aliuvuta kwake mtandio wenye pesa. Mtu baki ashike pesa za mtoto wake? Aliutazama mlango, nami nikadhani ataondoka na Abdi atakufa. Mwishowe alimtaja yule muuza maziwa, aliyekuwa ametufuata huku akiendelea kumsema askari. Muhuri uligongwa adhana ikianza. Alasiri, wenye maduka waliotupita asubuhi walikitazama kibali, wakatoa. Basi lilipoondoka, Abdi alikuwa ndani.

Siku hizi mchango huombwa kwa simu, na huoni uso wa anayeomba. Vijana wakinijia wakitaka kuchangisha barabarani, huwaambia wasiogope ofisi, ila waende mapema, kabla mgonjwa hajazidiwa. Nami nikiombwa, huuliza kwanza ni nani anayeshika pesa. Abdi, ambaye sasa ana watoto wake, hunicheka. "Uliza tu, abaayo," huniambia, akiniita dada kwa Kisomali. "Mimi nimeshatuma."