Nyundo ya Polepole

Ko-ko, ko-ko, koo. Ndivyo nyundo ya baba ilivyolia. Asubuhi nikikanda unga wa maandazi nyuma ya nyumba, niliisikia kutoka ufukweni ikishindilia pamba katikati ya mbao za mtumbwi ili maji yasipenye. Mafundi wa mitumbwi walikuwa kadhaa pale kwetu, lakini mlio wa baba ningeutambua hata usingizini. Ulikuwa wa haraka, wenye madaha kidogo mwishoni, kama mtu anayepiga hodi huku akijua atafunguliwa. Nilikanda unga kwa mlio ule, na kuota niliota nao pia. Siku moja ningekuwa na mtumbwi wangu, wa njano, niwatembeze watu wanaotaka kuangalia miamba na ndege tu, wasio na magunia. Baba alisema atautengeneza, mradi nisiuze maandazi humo ndani nikamletea panya.

Kisha, mchana mmoja, baba akatapika damu pale pale kando ya mtumbwi wa watu.

Tulimkimbiza hospitali ya mjini. Akaongezewa damu, akaingizwa mpira wenye kamera kooni, na mishipa iliyokuwa ikivuja ikafungwa. Alipopata nguvu daktari akatueleza taratibu, maana mimi niliishia darasa la saba na sikuona haya kuuliza mara mbili. Alisema virusi vya homa ya ini vilikaa mwilini mwa baba miaka mingi bila kelele, vikaacha makovu, na ini likasinyaa likawa gumu. Damu inayotaka kupita humo inakwama, inarudi nyuma, inajaa kwenye mishipa ya njia ya chakula na kuivimbisha hadi ipasuke. Akampa vidonge vya kumeza kila siku. Ini halitarudi kuwa jipya, alisema, ila vidonge vitapunguza msukumo kwenye mishipa ile. Moyo utapiga polepole kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

"Asiache ghafla, hata akijiona mzima," alisema, na macho alinikazia mimi, si baba.

Baba akarudi kazini na nyundo ikabadilika. Ko. Ko. Wavuvi wakaanza utani. Mmoja alimuuliza kama siku hizi amekuwa mzee wa kanisa, maana anaiombea kila pamba kabla ya kuipiga. Baba alicheka nao. Mikono yake ilikuwa baridi, na alichoka upesi, kwa hiyo katikati ya asubuhi alipanda hadi kwangu, akakaa kwenye kreti la soda karibu na jiko, akanyoosha viganja kwenye joto. Aliomba yale maandazi yaliyovunjika, akisema hayana mwenyewe. Zamani hakuwahi kuwa na muda wa kukaa nami hivyo. Sijui kama kuna asubuhi ninazozikumbuka kwa utamu kuliko zile.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuja kututembelea kutoka Misungwi na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikaa siku kadhaa, akaondoka. Baada ya hapo nyundo ikaanza kuchangamka. Wiki iliyofuata ilikuwa ile ile ya zamani, ko-ko, ko-ko, koo, na mimi nikikanda unga huku nikitikisa mabega, nikijua baba amepona. Hakupanda tena kuota moto. Nikasema basi, ana kazi nyingi.

Shangazi alirudi na kuku wa kushukuru. Akanisimulia jikoni, kwa furaha kabisa, jinsi vidonge vyake vya presha vilivyomwishia, na alipoviona vya kaka yake akavitambua kuwa ni vile vile. Akamuuliza, wewe una presha? Baba akasema alipimwa, hana. Basi akampa vyote. Kwetu dawa ni kama chumvi, jirani akiishiwa unamgawia, na anayenyima ndiye mbaya. Sikumlaumu. Niliacha maandazi yakiungua nikashuka ufukweni.

Nilimkuta amechuchumaa, pamba ikimning'inia begani. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza vidonge viko wapi.

"Mwenye presha ni dada yangu, mayu," alisema. Aliniita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyowaita mabinti wao. "Mimi sina."

Nikamkumbusha kuwa hakupewa kwa ajili ya presha ile ya kupimwa mkononi. Ni ya ile mishipa ya ndani, iliyovimba. Aliendelea kupiga.

"Nikivimeza, nyundo inakuwa nzito," akasema mwishoni. "Mtumbwi wako wa njano nitaumaliza lini?"

Kumbe ndilo lililomsumbua.

"Mtumbwi unaweza kuchelewa, baba. Wewe ukivuja, mimi sina pamba ya kuziba."

Nyundo ikanyamaza. Akaiweka juu ya ubao, akafuta mikono, akaniuliza kama shati lake la kwendea hospitali limefuliwa.

Daktari alimpima mapigo, akamwanzishia upya kwa dozi ndogo, akaipandisha kidogo kidogo. Shangazi alikwenda kuchukua dawa zake mwenyewe, na tangu siku hiyo alipiga simu kila asubuhi. "Kaka, umemeza?" Baba anajibu, "Nimemeza, mganga wangu," na kunikonyeza.

Mtumbwi ulichelewa kweli. Baba aliutengeneza polepole, akipumzika kwangu kila mara, na rangi ya njano tuliipaka pamoja. Hakutapika damu tena. Ini ndilo lililochoka hatimaye, miaka kadhaa baadaye, naye akaondoka akiwa amelala, shangazi kamshika mkono.

Juzi niliwavusha watu hadi Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Waliposhuka nikauvuta mtumbwi mchangani, nikaona uzi wa pamba umechungulia kwenye ungio moja, karibu na pale baba alipopenda kuegemea. Nyundo yake huwa naiweka chini ya kiti, pamoja na patasi butu. Nikapiga magoti, nikaurudisha uzi mahali pake. Ko. Ko. Sikuharakisha.