Siku Jenipha Alipowalipa Watu wa Risaga

Veneranda wa Gorong'a hakuwa na mchezo na hela. Ukienda kibandani kwake kuchukua chumvi na mafuta ya kupima, kisha useme utaleta hela jioni, alikuwa anakuangalia tu, anairudisha chumvi mahali pake, halafu anakuuliza habari za watoto. Watu walimwita bahili. Waache waite.

Hawakujua alikotoka. Mume wake Machage alikuwa mwanamume mzuri wa sura na wa roho, akachimba dhahabu Nyamongo miaka na miaka. Alikuwa akirudi Ijumaa mifuko imejaa, Jumatatu anaomba hela ya sabuni. Na safari moja mwenye shimo alimzungusha, njoo kesho, njoo kesho, mpaka mwenye shimo mwenyewe akahama usiku na jasho la Machage akahama nalo. Mwaka ule nyumba ile ilikula ugali na chumvi.

Basi Veneranda akaapa kwamba watoto wake wataijua hela wakiwa bado wadogo. Shule iwafundishe mengine.

Alianza na Jenipha, mtoto wa kwanza. Alimkabidhi kuku tetea akamwambia, "Huyu ni wako. Akifa, amekufa kuku wako. Akitaga, mayai ni yako, hata mimi nikitaka nanunua."

Na kweli alikuwa ananunua. Machage alicheka mpaka akakohoa.

"Nyumba gani hii, mama mtu ananunua yai kwa mtoto aliyemzaa?"

"Nyumba ambayo mtoto wake hatakuja kuombaomba kwa watu," Veneranda akamjibu, na akahesabu hela ya yai mbele yake ili aone.

Mtoto akashika. Akajua kuuza, akajua kuweka, akajua hata kubadilisha hela ya Kenya bila kupunjwa na vijana wa Sirari, pale mpakani. Na neno moja mama yake alimwambia kila wakati, wakati wa kuosha vyombo, wakati wa kusuka nywele: mtu akikufanyia kazi, mlipe siku hiyo hiyo, jasho la mtu lisilale kwako. Hilo lilitoka moyoni, kwa sababu ya yule mwenye shimo.

Lakini risaga hakumfundisha. Nani anamfundisha mtoto risaga? Majirani wanakusanyika na majembe, leo shamba lako, siku nyingine shamba la mwenzako, palizi ya wiki mbili inaisha kwa siku moja. Mwenye shamba anapika ugali wa kutosha na togwa ya wimbi. Hela haiingii humo. Zamu ya mwenzako ikifika, unabeba jembe unakwenda. Veneranda alidhani mtoto wa Kikurya analijua hilo tangu kwenye ziwa la mama.

Siku ya zamu yake alilima na wenzake tangu alfajiri. Jua lilipopanda simu ikalia. Mdogo wake aliyeolewa upande wa Kenya alikuwa amefika Sirari na mtoto ana homa kali, anaomba asindikizwe hospitali. Veneranda akaweka jembe chini.

"Jenipha, chakula kiko jikoni. Wahudumie watu vizuri."

"Sawa mama. Usiwe na wasiwasi."

Na mtoto akawahudumia. Akawanawisha mikono, akaanza na wakubwa, togwa akaijaza mpaka juu. Watu walipomaliza kula, akaingia ndani, akavunja kibubu chake cha hela za mayai, akatoka na noti za elfu moja moja. Akapita kwa kila mmoja, amepiga goti, anatoa kwa mikono miwili.

Wa kwanza kupokea alikuwa Mboje, Msukuma aliyekuja kwa ajili ya dhahabu akaoa hapo hapo Gorong'a. Aliikunja akaitia mfukoni.

"Mungu akubariki, binti. Mimi mniite hata kesho!"

Hakuna aliyecheka. Mama Waitara, ambaye ndiye anayepanga zamu za risaga, aliishika ile noti kama mtu aliyeshikishwa kitu cha moto. Akaiweka chini, akaweka bakuli la togwa juu yake. Wengine wakafanya vile vile.

"Mwambie mama yako tumelipwa," alisema. "Hatudaiani tena."

Veneranda alirudi jioni, mtoto wa mdogo wake amepata nafuu, akaliona shamba safi kabisa, akafurahi. Kisha Jenipha akampa ule ujumbe huku anatabasamu. Veneranda akakaa chini hapo hapo mlangoni.

Maana alielewa. Ukimlipa mtu wa risaga umemwambia wewe ni kibarua, kazi imeisha, usinitegemee tena. Na shamba la bonde la chini lilikuwa bado halijaguswa, magugu yamefika magotini. Wala si shamba tu. Wanaokulimia ndio wanaokubebea mgonjwa, ndio wanaokuchimbia kaburi.

"Kwani nimekosea nini, mama? Si ulisema jasho la mtu lisilale kwetu?"

Mkono ulimwasha kutaka kumpiga. Lakini ampige kwa neno gani, wakati maneno yote ni yake mwenyewe? Akasema, "Lala. Kesho tutaona."

Asubuhi akaenda kwa Mama Waitara, akamkuta anapepeta wimbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta risiti?"

"Risiti ya nini?"

"Nauliza tu. Nasikia vibarua wa mgodini wanapewa risiti."

"Mama, ni mtoto. Hakujua."

"Mtoto ametenda alivyofundishwa. Tena ana adabu kuliko mama yake, ametupigia goti." Ungo ukaendelea. "Jumatatu tunapalilia kwangu. Vibarua sihitaji."

"Nisamehe basi."

"Maneno nimeyasikia, mama Jenipha. Nina wimbi hapa."

Jumatatu Veneranda alimwamsha Jenipha mapema, akampa jembe. Hawakuitwa, wakaenda. Walikuta watu wameshapanga mstari. Wakashika mwisho kabisa, penye mawe. Hakuna aliyewasalimu isipokuwa Mboje, ambaye sasa watu walikuwa wanamwita Kibarua, naye alikuwa ameshaambiwa na mke wake yote aliyostahili kuambiwa.

"Karibuni wenzangu wa mshahara!" akaita. Mstari mzima ukacheka. Veneranda hakuinua kichwa.

"Mama," Jenipha akanong'ona, "tutalipwa?"

"Lima."

"Sasa tunalima bure?"

Veneranda akang'oa gugu, akakung'uta udongo. Alitafuta neno la kumwambia mtoto, yeye aliyekuwa na neno la kila kitu.

"Kuna hela," akasema mwishoni, "na kuna watu. Hela nilikufundisha. Watu nilisahau. Lima, mwanangu, usiache mizizi."

Wakalima. Jua likawaka, mikono ya mtoto ikatoka malengelenge, hakulalamika. Wakati wa chakula watu walikaa kivulini, wao wawili wakabaki kule kwenye mawe wanaendelea, kwa sababu hawakualikwa. Veneranda alikuwa na kiburi chake. Kuja alikuja, lakini kwenda kusimama karibu na sufuria, hapana.

Mama Waitara akawaangalia muda mrefu. Kisha akainuka kwa shida, magoti yake mabovu, akawapelekea bakuli la togwa yeye mwenyewe. Alimpa mtoto kwanza.

"Kunywa. Na usinipe hela."

"Asante, bibi. Sitoi tena," Jenipha akasema. "Mlizikataa zote, isipokuwa ya Mboje."

Hapo bibi akacheka, akacheka mpaka akashika kiuno. Akageukia wale waliokaa kivulini, akapaza sauti kama anavyofanya kila siku akipanga zamu.

"Alhamisi ni kwa Nestory! Tukitoka kwa Nestory, bonde la chini, kwa mama Jenipha! Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Veneranda aliendelea kulima ili asionekane uso. Jenipha akamsogelea.

"Mama, wakija tutawapa chakula tu?"

"Chakula tu," akasema. "Lakini kiwe kingi."