Almasi ya Shamba la Susu

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: je, kama kweli ni almasi? Nina digrii ya jiolojia, na bado sikuwa na uhakika. Nikisema ni mawe tu, halafu yawe almasi, kijiji kizima kitabaki maskini kwa sababu yangu. Nikinyamaza, shamba la susu, yaani nyanya yangu, litachimbuliwa.

Yote yalianza pale mgeni mmoja aliposimamisha gari kando ya shamba hilo, akaokota jiwe jeupe linalong'aa na kwenda nalo bila kusema neno. Hilo lilitosha. Tangu siku hiyo kila mtu alipima mawe yake kwa kukwaruza kioo. Likikwaruza, ni almasi. Kufikia Oktoba kijijini hapakuwa na chupa ya soda isiyo na makovu, na dirisha la kanisa lilikuwa limechorwa kama daftari la chekechea. Nilijua hata jiwe jeupe la kawaida hukwaruza kioo. Nilijua, nikanyamaza.

Mwethya wetu, kikundi cha akina mama wanaolimiana kwa zamu, ndio waliochimba matuta ya susu mteremkoni, yanayozuia mvua isibebe udongo. Sasa walitaka kuyabomoa hayo hayo watafute almasi. Susu hakukataa. Ukikataa mwethya, utalima peke yako hadi ufe.

"Mvua ya Novemba ikija, susu, udongo wote utaenda," nikamwambia.

"Najua. Waambie wewe. Si ni wewe tulikupeleka kusomea mawe?"

Nikaenda mjini Migwani, nikanunua msasa mweusi wa kusugulia chuma. Kisha nikarudi dukani kununua mwingine, maana wa kwanza ungeweza kuwa bandia.

Asubuhi iliyofuata akina mama wa mwethya walikuja na majembe. Nilipotoka nyumbani, tuta la juu lilikuwa limeshapasuliwa.

"Huyu wetu wa digrii amekuja kusimamia?" mwenyekiti wao akauliza.

"Anasimamia chai," mwingine akamjibu.

Nikamwomba mwenyekiti jiwe lake bora zaidi. Akalifungua kwenye pindo la leso, taratibu, kama anayenipa mtoto mchanga.

"Msasa hauwezi kukwaruza almasi," nikasema, sauti ikitoka kama ya mbuzi mchanga.

"Na ukilikwaruza langu?"

"Basi ni jiwe tu, mama."

"Na utakuwa umeniharibia jiwe langu."

Hilo nalo nilikuwa sijalifikiria, mimi ninayefikiria kila kitu. Nikapiga goti, nikalibana jiwe juu ya mpini wa jembe, nikalisugua kwa msasa kwa nguvu zangu zote mbele ya mwethya mzima. Mng'ao ukafifia. Unga mweupe ukabaki kwenye kidole changu.

Mwenyekiti akautazama. "Kumbe mimi ni tajiri wa unga," akasema, na wenzake wakacheka hadi wakakaa chini.

"Si almasi," nikasema, safari hii kwa sauti ya kusikika. "Hakuna almasi hapa."

Kisha nikachukua jembe, nikapanda hadi tuta la juu, nikaanza kurudisha udongo.