Kuhesabu Mpaka Saba

Kutoka Sumbawanga hadi Arusha nilitumia siku tatu na mabasi matatu. Nililala Mbeya, nikalala Dodoma, na tulipovuka Babati miguu ilikuwa imevimba hata nikavua viatu. Nilikuwa nimepita miaka thelathini, nimeshaishi miji minne, na kila mmoja niliuacha kabla haujanizoea. Safari hii nilifuata kazi kwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu na flashi, pale Kwa Mrombo. Nikapanga chumba Levolosi. Nilijiambia nitakaa mwaka mmoja.

Siku moja dereva wa watalii aliniachia CD aliyopewa na mgeni wake, akataka nimhamishie kwenye flashi. Ilikuwa ya bendi ya roki ya Wazungu: nyimbo sita tu, na mmoja ulizidi dakika ishirini. Niliijaribu kwenye spika. Wimbo wa tatu ulianza na gitaa peke yake, taratibu, ngoma zikaingia, halafu mdundo ukaanza kuruka, kama mtu anayeshuka ngazi na kukuta moja haipo. Niliitoa CD, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Ikaruka palepale.

"Imechubuka hii," nikasema.

"Haijachubuka." Mzee mmoja alikuwa amesimama nje na mkungu wa ndizi begani. "Wewe wa wapi?"

"Shikamoo, mzee. Sumbawanga."

"Marahaba. Mtu wa Sumbawanga anashindwa na CD? Si uiroge itengemae!" Akatua mkungu, akainua vidole. "Wewe unasubiri mapigo nane. Wenzako wanageukia kwenye saba. Hesabu."

Nikahesabu. Ilikuwa kweli. Ubovu ulikuwa masikioni mwangu.

Alikuwa mkulima wa kijiji cha Kikwe, na tangu ujana alipiga tarumbeta katika kikundi cha kanisa lao la Kilutheri. Kuanzia hapo, kila siku ya soko aliketi kwenye kreti la soda mlangoni kwangu, tukasikiliza albamu nzima huku wateja wakinung'unika. Alinifundisha kufuata kinanda kinavyochukua swali la gitaa na kulijibu kwa namna nyingine, na mpiga ngoma anavyoharakisha bila kuwaacha wenzake nyuma. Maneno yalikuwa machache na hatukuyaelewa. "Wanaanza na sebene, wanamaliza na sebene," alisema. "Hawa watu hawachoki? Wamelishwa nini?" Wimbo wa mwisho, baada ya purukushani yote ile, ulirudi kwenye gitaa moja, polepole mno. Mwaka wangu ukapita sikuuona. Ikapita mingine.

Sikukuu moja ya mavuno alikishawishi kikundi chake kipige pambio kwa saba wakati wa maandamano kuingia kanisani. Waliozoea kuanza kila mstari na mguu wa kushoto walijikuta wako kwenye wa kulia. Mbeba tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, alimkanyaga aliyemtangulia, akina mama waliobeba vikapu wakasimama, na mchungaji akageuka kuuliza kama kuna mtu ameanguka. Mzee alinisimulia huku akifuta machozi ya kicheko.

Miezi michache baadaye alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na mdomo ukavutwa upande mmoja.

Nilikaa wiki sita kabla ya kwenda kumwona. Sina sababu ya kueleza, niliogopa. Nilipofika, mke wake alinikaribisha chai, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tarumbeta ni mali ya usharika. Wazee wa kanisa walikuwa wamempa mumewe muda mpaka sikukuu ya mavuno: akiweza kupuliza atabaki nalo, asipoweza litapewa mwingine. Kila asubuhi alilishika kwa mkono wa kushoto akajaribu. Upepo ulitokea pembeni mwa mdomo.

Nilikuwa nimeingiza albamu kwenye simu. Nikaiwasha nikidhani namfurahisha. Alisikiliza wimbo wa kwanza macho yakiwa yamefumbwa. Wa tatu ulipoanza akainua mkono mzima.

"Zima, mwanangu," alisema, maneno yakimtoka kwa taabu. "Wao wana midomo."

Nikazima. Nyuma ya nyumba ng'ombe alikuwa analia akitaka maji, na mke wake akatoka kumpelekea.

Niliendelea kwenda kila Jumamosi, bila muziki. Wiki ya mavuno nilimkuta amevaa shati la kanisani, na sanduku la tarumbeta liko mapajani, limefungwa.

"Wewe lipeleke," alisema. "Wakija kulichukua hapa, mama atalia."

"Jaribu tena kidogo, mzee. Bado siku tatu."

"Nimejaribu."

Nililibeba hadi kanisani. Kiongozi wa kikundi alifungua sanduku, akabonyeza vali zote tatu, akafuta mdomo wa tarumbeta kwa leso yake. "Amelitunza," akasema. Kisha akampa mwanamume aliyekuwa anasubiri kwenye benchi, naye akalipuliza palepale. Sauti ilitoka safi.

Mzee alikuwa ananisubiri nimpe habari. Kutoka pale hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi. Nilifika njia panda, nikasimama, nikapanda gari lililokuwa linakwenda mjini. Levolosi nilikusanya nguo, nikamwachia mwenye nyumba ufunguo, na kabla ya saa tisa alasiri nilikuwa ndani ya basi la Singida. Sikurudi kumwambia kwamba limefika.