Bangili Thelathini na Nne za Halimah wa Bucha

Mara ya kwanza kufanya biashara na Halimah Swaib, alinishinda. Nilikuwa nimeenda Ishiara kununua ndengu, nikaingia bucha ya baba yake nipate nyama ya mchana. Mkononi mwa Halimah nikaona bangili ya shaba, nzito, nyeusi kwa jasho la watu waliokwisha kufa. Nikataja bei ya chuma chakavu.

"Hiyo ni bei ya mfupa, mzee," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ini alilokuwa anakata. "Tena mfupa usio na nyama."

Nililipa mara tatu ya hiyo, na bado nikapata faida Nairobi. Ndipo nikaanza kumchunguza.

Kwa miaka kumi na moja, nyanya wa Kimbeere wakija bila pesa, Halimah aliwapimia matumbo, nao wakamwachia bangili, hereni au mkufu wa shanga. Baba yake alimwita mwendawazimu wa vyuma. Shanga alizifungua akazitunga upya kwa mitindo ya kichwani mwake, na walimu wa Siakago wakazivaa. Za shaba hakuzigusa. Hakuwa na vaisi ya kubania chuma wala mtungi wa kulehemu, na meza yake ya kazi ilikuwa kile kibao cha nyama. Alitaka kukodi chumba cha kona pale stendi kiwe karakana yake. Mwenye nyumba alimpa mpaka Ijumaa awe amelipa, kwa sababu kulikuwa na kinyozi anayekitaka pia.

Nikamtafutia mteja, mama mmoja wa Nairobi anayeuza vitu vya kale. Alitazama picha za zile bangili akasema, "Niletee zote thelathini na nne, na weusi wake."

Nikampigia Halimah kutoka Meru. Mtandao ulikuwa unakatika. "Usiuzie mtu!" nikapaza sauti. "Jumatano, kusafisha zote!"

Sokoni, kusafisha ni kununua mzigo wote, kisibaki hata kimoja. Mwenye kibanda hulingojea neno hilo kutwa nzima. Lakini Halimah amekulia bucha.

Jumatano alinifungulia kitambaa. Bangili ziling'aa kama bomba jipya la sinki.

"Siku tatu," akasema, akinionyesha vidole vilivyochubuka. "Majivu, ndimu na mchanga wa mto. Umeridhika?"

Nilikaa kwenye debe la mafuta. "Nani alikutuma?"

"Si wewe ulisema zisafishwe?"

"Nilisema kusafisha! Yaani nabeba zote!"

"Kubeba na kusafisha ni kitu kimoja?"

"Sokoni, ndiyo."

"Kwetu kusafisha ni ndoo na sabuni, Gikunda!"

Baba yake alicheka kule nyuma, kisha akaona uso wa binti yake akashika tena kisu chake.

Nikamtumia yule mama picha. Akajibu kwamba bangili mpya anazo tele. Nikampigia kumweleza, akasema hawezi kuuza maelezo.

"Tukizipaka masizi?" Halimah akauliza.

"Atajua. Hata mimi ningejua."

"Basi tuzizike, weusi urudi."

"Miaka mingapi, Halimah? Una mpaka Ijumaa."

Akachukua moja, akaisugua kwa mafuta ya mbuzi, akaitazama. Ilizidi kung'aa. Nimewahi kuokoa mahindi yaliyolowa na mbuzi aliyevimba tumbo, lakini hiyo haikuwa na dawa.

Nilichukua kumi kwa bei ya shaba ya kuyeyusha, na hata hapo nilijipunja. Zilizobaki alikataa kuniuzia. Ijumaa jioni kinyozi alikuwa ameshaning'iniza kioo chake pale kona.

Yule mama wa Nairobi hapokei simu yangu mpaka leo. Anaamini nilitaka kumpitishia mali mpya, na hakuna mwingine aliyekuwa akinilipa vile. Halimah huziuza moja moja kwa maharusi, wanaozipenda kwa kung'aa, na hakuna hata mmoja anayeuliza zilikuwa za nani. Zimebaki sita. Nyanya wenyewe hawaji tena na kitu. Walizokuwa nazo zimekwisha.