Aliyemvika Elisha Jezi ya Bluu

Dorkasi Chilewa wa Makole ni mtu wa kushukuru, tena hadi majirani wanachoka. Maji ya bomba yakitoka, anashukuru. Yakikatika, anashukuru kwamba ndoo zilijaa mapema. Cherehani yake ina umri mkubwa kuliko wapangaji wake wote, na kila asubuhi kabla ya kushona huipigapiga ubavuni na kuiambia, "Ahsante mama, leo tena." Jambo moja tu katika maisha yake hakuwahi kulishukuru wala kumsimulia mtu, na jambo hilo lilimfuata nyumbani Jumamosi moja asubuhi ndani ya bahasha ya kaki.

Aliyeileta ni mpangaji wake Ebenezer, karani wa Bunge, kijana wa Njombe mwenye ugonjwa wa kukusanya vitu vya zamani. Vijana wenzake mishahara yao huishia kwenye nyama choma. Wake huishia kwenye stempu, redio zisizosema na picha za watu asiowajua.

"Shikamoo, Mama Lea."

"Marahaba, baba. Leo umeokota takataka gani?"

Ebenezer akacheka, akamwaga kadi kumi na mbili juu ya meza ya kushonea. Zilikuwa picha ndogo za karatasi ngumu, zinazoenea kiganjani, za aina ile iliyouzwa langoni mwa uwanja mwanzoni mwa miaka ya themanini. Zote zilikuwa za mtu mmoja, Elisha Ndahani, mshambuliaji wa timu ya Tambarare, ambaye wazee wa Dodoma hadi leo hawawezi kumsimulia wakiwa wamekaa. Kadi saba zilikuwa nyeusi na nyeupe. Tano zilipakwa rangi kwa mkono, na jezi ya Elisha ilikuwa bluu ya kung'aa.

Dorkasi akavuta kiti, akaketi.

"Nimezinunua kwa wajukuu wa marehemu mzee Abeli, yule mpiga picha," Ebenezer alisema. "Sasa sikia maajabu. Kule kwenye kundi letu la wakusanyaji, hizi zisizo na rangi wananipa laki mbili kila moja, bila ubishi. Hizi za rangi, hata elfu kumi ni kwa kubembeleza. Wanasema watoto wamezichezea, au ni feki, kwa sababu Tambarare walivaa njano. Bluu hawakuvaa hata siku moja."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi roho yangu inakataa. Mtu amepaka mpaka mshono wa kola! Mtoto gani ana mkono huo? Naona tunaziuza chini ya thamani yake. Lakini Mama Lea, soko ndilo linalolipa, siyo roho yangu." Akatoa mfukoni kichupa cha tapentaini na furushi la pamba. "Uliwahi kuniambia ulifanya kazi studio ya picha ulipokuwa msichana. Nisaidie kuzifuta hiyo rangi."

Dorkasi akachukua kadi ya kwanza, akalowesha pamba. Harufu ya tapentaini ikampanda puani, na mkono ukagoma. Aliikumbuka kola ile. Ilimchukua asubuhi nzima, kwa pamba iliyosokotwa kwenye kijiti chembamba kama cha kuchokolea meno.

"Rangi ya mafuta iliyokaa miaka arobaini haifutiki," alisema. "Ukiisugua itatoka na uso wa mtu."

Alisema kweli, na angeweza kuishia hapo akaendelea kushona sare za watoto wa shule. Lakini Ebenezer alishusha pumzi, akaanza kuzirudisha kwenye bahasha. "Basi hizi tano ziende kwa bei ya kutupa. Aliyezichafua, Mungu anamwona."

Alitania tu, maskini, lakini neno hilo lilimchoma yule mama hadi kwenye mfupa.

"Mungu ameniona siku nyingi," akasema. "Nimezichafua mimi."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi Dorkasi akaiweka pamba chini, akatoa yote.

Alitoka kijijini Haneti akiwa na miaka kumi na tisa, na mzee Abeli akampokea studio na kumfundisha kupaka rangi picha bila kumdai hata senti. Kwa hilo anamshukuru mpaka kesho. Wateja walitaka mashavu yenye damu na magauni yenye maua, naye akawapa. Mwaka 1981 mzee Abeli alisafiri kwenda Dar es Salaam kutafuta karatasi za picha, maana siku zile kila kitu kilikuwa adimu, hata sabuni. Akaacha agizo moja: paka kadi za Elisha, mechi ni Jumapili. Dorkasi hakuwahi kukanyaga uwanjani, baba yake alikuwa mzee wa kanisa na mpira kwake ulikuwa kazi ya wahuni. Jezi za Tambarare hakuzijua. Kwenye picha zilikuwa kijivu tu, na katika rangi zilizobaki, bluu ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Akapaka kadi mia mbili.

"Mzee aliporudi alishika kichwa kwa mikono yote miwili," Dorkasi alisema. "Karatasi hakuna, kutupa hawezi. Akaziuza hivyo hivyo. Watu wa vijijini wakaja uwanjani wanauliza, yule wa bluu yuko wapi? Mji mzima ukacheka. Jumatatu nipo chumba cha giza, nasikia mlango, na sauti nene inauliza, 'Nani kanivika bluu?' Nikachungulia pazia. Elisha mwenyewe."

"Ukafanyaje?"

"Mguu niponye, baba! Nikatokea mlango wa nyuma, nikadandia lori la mahindi hadi Haneti. Hata mshahara wa mwezi ule sikuufuata. Nikaolewa huko, nikajifunza kushona. Niliporudi mjini na wanangu, mzee Abeli alikuwa ameshazikwa. Nilimharibia mtu picha zake, na sikumwomba radhi."

Ebenezer alizimwaga upya zile kadi, akazipekua moja moja mpaka akaipata moja ya bluu, akaigeuza nyuma.

"Hii ndiyo ya bei ya chini kuliko zote," alisema polepole, "kwa sababu imeandikwa nyuma, nao wanasema hata mwandiko ni feki. Sikujua anaandikiwa nani." Akasoma kwa sauti:

"Kwa dada wa rangi. Nimekuja mara tatu nakukosa. Mama yangu yuko Mlali na macho yake yamepungua, picha zangu zote anazishika na kuziweka chini, anasema haoni mtu. Ile yako ya bluu ameiona. Amesema, huyu ndiye mwanangu. Analala nayo. Ahsante sana, dada yangu, na Mzee akufikishie. Elisha Ndahani, Agosti 1981."

Mzee hakuwa na wa kumfikishia, maana dada mwenyewe alikuwa Haneti akiikimbia ahsante.

"Soma tena," alisema Dorkasi, na Ebenezer akasoma tena. Mara ya tatu Dorkasi akamnyang'anya kadi na kuvaa miwani asome mwenyewe, lakini machozi yalikuwa yameshajaa, hakuona hata herufi. Hakuyafuta. Alikuwa na furaha iliyomuuma kifuani, na hakutaka ipungue.

"Zote tano ni zako, Mama Lea," Ebenezer alisema. "Mimi siuzi tena."

Dorkasi hakumsikia. Elisha alifariki miaka kumi na tano iliyopita, na mji mzima ulimzika isipokuwa yeye, aliyefunga mlango siku hiyo kwa aibu. Sasa alikuwa ameshukuriwa, na mtu aliyelelewa vizuri akishukuriwa haachi kujibu. Akaishika ile kadi kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso.

"Karibu, kaka," alisema. "Karibu sana."